Kuanza uzamili katika akiolojia ya kihistoria: mwongozo kamili kwa mhitimu wa Afrika Mashariki

Akiolojia ya kihistoria huchunguza nyakati zilizoacha maandishi, na hutumia maandishi hayo sambamba na kilichobaki ardhini. Aliyesoma historia katika shahada ya kwanza huja na nusu ya kazi. Aliyesoma akiolojia huja na nusu ya pili. Wote wawili hukwama mwaka wa kwanza kwa sababu ileile: hudhani ile nusu wasiyoijua ni nyongeza tu.

Si nyongeza. Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilibeba zaidi nguo na shanga. Nguo, hasa merikani iliyofumwa Massachusetts na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa bandari ya Salem ya hukohuko, huoza udongoni na kutoweka. Shanga hubaki. Anayechimba tu ataandika kwamba biashara ilikuwa ya shanga. Anayesoma tu daftari za wafanyabiashara atajua marobota mangapi ya nguo yaliteremshwa forodhani, lakini hatajua ni nyumba gani ya Ujiji ilivaa shanga za aina gani, wala mwenye nyumba alikula nini. Swali zuri la uzamili linahitaji pande zote mbili, na mwongozo huu umepangwa kwa kufuata hilo.

Kwanza fahamu kwamba fani hii haina mpaka mmoja. Marekani Kaskazini, ambako Society for Historical Archaeology iliundwa mwaka 1967, wengi huianzisha na kufika kwa Wazungu, yaani baada ya 1492. Kwetu mpaka huo haukai. Kilwa ilikuwa na msikiti wa mawe na sarafu zake, na msafiri Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331 na kuiandika, zaidi ya miaka 160 kabla ya Vasco da Gama. Huko Buhaya, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, mwanaakiolojia Peter Schmidt alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba masimulizi ya wazee yanaweza kuwekwa bega kwa bega na uchimbaji bila kusubiri karatasi ya mgeni. Kabla ya kuomba chuo chochote, soma kazi za walimu wake ujue wanaishi kwa tafsiri ipi. Mradi wa Songo Mnara, mji wa magofu karibu na Kilwa, wa karne ya 15 unaweza kupokewa kwa shangwe katika idara moja, na idara nyingine ikauambia uende kwa watu wa akiolojia ya Kiislamu.

Hatua ya 1: Punguza mada hadi iwe swali

"Akiolojia ya biashara ya utumwa Afrika Mashariki" si mada ya uzamili. Ni kazi ya maisha ya watu kumi. Andika swali lenye mahali pamoja, miaka isiyozidi hamsini, na aina moja au mbili za ushahidi wa ardhini. Mfano: "Wapagazi na familia zao waliokaa pembezoni mwa Bagamoyo kati ya 1860 na 1890 walikula nini na walitumia vyombo gani, na hilo linatofautianaje na nyumba za mawe za mjini?"

Kisha lipitishe swali hilo katika majaribio matatu. La ardhini: kuna mahali panapojulikana, ambapo hapajajengwa juu wala kulimwa kwa trekta, na ambapo vigae (vipande vya vyombo vilivyovunjika) vinaonekana juu ya udongo? La karatasi: kuna angalau mikusanyo miwili ya nyaraka au masimulizi inayogusa mahali hapo na miaka hiyo? La muda: unaweza kulimaliza kwa msimu mmoja wa uchimbaji wa wiki nne hadi sita? Likishindwa moja kati ya hayo, badilisha mahali kabla ya kubadilisha swali. Wengi hufanya kinyume. Hung'ang'ania kijiji walichozaliwa na kulipanua swali hadi likubaliane na kijiji.

Hatua ya 2: Tafuta msimamizi kabla ya chuo

Katika fani hii msimamizi ana uzito kuliko jina la chuo, kwa kuwa yeye ndiye mwenye maabara, vibali vya zamani, makusanyo ambayo tayari yamechimbwa, na watu wanaomfahamu kijijini. Nyumbani, idara ya akiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako somo hilo lilianza kufundishwa katikati ya miaka ya 1980, ndiyo kituo kikubwa. Thomas Biginagwa wa chuo hicho amefanya kazi juu ya vituo vya misafara vya bonde la Pangani akitumia mifupa ya wanyama, na kazi yake ni kielelezo kizuri cha swali lililopunguzwa vizuri. Kenya, tazama Chuo Kikuu cha Nairobi, na usiisahau British Institute in Eastern Africa iliyopo Nairobi, ambayo hupokea wahitimu wachanga na kuwapa ruzuku ndogo za utafiti.

Nje, University of Massachusetts Boston ina shahada ya uzamili yenye jina hilohilo la fani, na College of William & Mary pamoja na Syracuse zina historia ndefu katika eneo hili. Uingereza, York ina watu wanaofanya kazi kwenye pwani ya Waswahili. Sweden, Uppsala imekuwa kitovu cha akiolojia ya Afrika. Chuo Kikuu cha Cape Town kina uzoefu wa muda mrefu wa akiolojia ya ukoloni na utumwa wa Rasi ya Tumaini Jema.

Jambo moja huwashtua wanaokwenda Marekani: akiolojia huko kwa kawaida imo ndani ya idara ya anthropolojia. Muhula wa kwanza utasoma nadharia za utamaduni na jamii, pengine na anthropolojia ya viumbe, kabla ya kugusa kigae. Uingereza idara hujitegemea na uzamili ni mwaka mmoja, kwa hiyo usipofika na swali lako tayari, mwaka utakwisha ukiwa bado unalitafuta.

Barua pepe ya kwanza kwa msimamizi isizidi maneno 250. Aya ya kwanza: wewe ni nani na umehitimu nini, wapi. Ya pili: swali lako kwa sentensi mbili. Ya tatu: kazi yake gani hasa umeisoma na inakutana wapi na swali lako. Usisifu, onyesha kwamba umeisoma. Ya nne: anapokea wanafunzi wapya mwaka ujao, na je, kuna fedha? Ambatanisha wasifu wa kurasa mbili. Asipojibu kwa wiki tatu, kumbusha mara moja. Barua inayokosa majibu mara nyingi ni ile iliyotumwa kwa walimu ishirini ikiwa na salamu ileile isiyo na jina la mtu.

Hatua ya 3: Fedha, kwa kalenda ya kurudi nyuma

Anza miezi kumi na minne kabla ya siku ya kuingia darasani. Kwa anayelenga Marekani mwezi Agosti, hesabu huenda hivi: Juni na Julai ya mwaka uliotangulia, swali na orodha ya wasimamizi sita hadi wanane; Agosti na Septemba, barua pepe; Oktoba, mtihani wa Kiingereza na kuwaarifu waandishi wa barua za mapendekezo; Desemba mosi hadi katikati ya Januari, maombi; Februari na Machi, majibu. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba mwanafunzi aliyepewa ofa yenye ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya Aprili 15. Ukishinikizwa ujibu mapema, taja tarehe hiyo kwa adabu.

Ufadhili wa Chevening wa Uingereza ni wa uzamili wa mwaka mmoja, unahitaji saa 2,800 za kazi, na unakutaka urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Saa hizo zinaweza kukusanywa katika kazi zaidi ya moja, kwa hiyo kazi za msimu makumbusho au kwenye tathmini za urithi zihesabu kwa barua, si kwa kumbukumbu. Fulbright, ufadhili wa Marekani, nayo huja na sharti la miaka miwili nyumbani kabla ya kuomba aina fulani za viza za kuishi Marekani. Jumuiya ya Madola na DAAD, shirika la ufadhili la Ujerumani, zina milango yake pia. Wenner-Gren Foundation hutoa ruzuku ya uchimbaji kwa wanafunzi wa uzamivu wa taifa lolote. Huihitaji leo, lakini soma fomu yake sasa, maana maswali yake ndiyo msimamizi atakayokuuliza: utajua nini ambacho hakijulikani, kwa ushahidi gani, na kwa nini uwe wewe?

Utakaporudi na shahada ya nje, Tanzania utahitaji itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na Kenya na tume ya elimu ya vyuo vikuu ya huko (CUE). Hakikisha chuo kinatambulika kabla ya kulipa ada ya maombi.

Hatua ya 4: Maombi yenyewe

Nakala za matokeo ndizo huchelewesha wengi. Ofisi ya usajili inaweza kuchukua wiki kadhaa kutoa nakala zenye muhuri ndani ya bahasha iliyofungwa, na vyuo vingine hutaka zitumwe moja kwa moja kutoka chuoni. Ziombe Agosti. Matokeo ya mitihani ya Kiingereza ya TOEFL na IELTS hudumu miaka miwili. Usifanye mtihani mapema mno. Idara nyingi za Marekani zimeacha kudai GRE, mtihani wa kuingilia masomo ya juu, lakini angalia ukurasa wa idara, si wa chuo kizima, kwa kuwa mara nyingi hizo mbili hazilingani.

Barua tatu za mapendekezo zina thamani pale tu mwandishi anapoweza kusema umefanya nini mbele ya macho yake. Barua ya mkuu wa kitivo asiyekujua ni dhaifu kuliko ya mhadhiri msaidizi aliyekaa nawe shimoni wiki tatu. Mpe kila mmoja karatasi moja yenye swali lako, kozi uliyosoma kwake na alama uliyopata, na tarehe ya mwisho iliyotangulizwa siku kumi kabla ya tarehe halisi.

Maelezo binafsi yaanze na swali, si na utoto. "Tangu nikiwa mdogo nilipenda mambo ya kale" imeandikwa na kila mwombaji. Kurasa mbili: tatizo, ushahidi uliopo, ujuzi ulio nao, ujuzi unaokosa na jinsi idara hiyo itakavyoujaza. Kutaja unachokosa ni nguvu, mradi ukitaje kwa jina: "sijui kusoma mwandiko wa Kijerumani wa karne ya 19" inaonyesha kwamba unajua kilichomo ndani ya mafaili.

Hatua ya 5: Jifunze karatasi kabla ya kugusa mwiko

Muhula wa kwanza utumie nyarakani. Kwa pwani na bara la Tanzania, mafaili ya utawala wa Kijerumani yako Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, na mengine yako Bundesarchiv huko Berlin chini ya alama R 1001, ambayo sehemu yake kubwa sasa husomwa mtandaoni bure. Nyaraka za Zanzibar zina mafaili ya ubalozi wa Uingereza na ya serikali ya Sultani. Katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, London, mfululizo wa FO 84 wa wizara ya mambo ya nje ndio wa mambo ya biashara ya utumwa. British Library ina rekodi za India Office, ofisi ya Uingereza iliyosimamia India, nazo zinakuhusu kwa sababu mambo mengi ya Unguja yalipitia Bombay. Barua na daftari za wafanyabiashara wa Salem ziko kwao Massachusetts, kwenye maktaba ya Peabody Essex Museum.

Vikwazo viwili huwakwamisha wengi. Cha kwanza ni mwandiko wa Kijerumani uitwao Kurrent. Hausomeki kwa anayejua Kijerumani cha kawaida tu. Herufi e hufanana na n, na s ina maumbo mawili. Njia fupi ni kuuandika wewe mwenyewe kwa mkono, ukurasa mmoja kila siku kwa wiki tatu au nne, kabla ya kufungua faili lolote. Cha pili ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Aliyepita madrasa ana mwanzo mzuri, lakini maandishi ya zamani hayatofautishi sawasawa e na i, o na u, wala b na p. Soma kwa sauti. Neno litajitokeza sikioni kabla ya jichoni.

Tarehe za Hijria zibadilishe kwa uangalifu. Pesa nyingi za shaba za Sultani Barghash wa Zanzibar zina mwaka 1299, na wengi huandika 1882 kwa mkato. Mwaka huo wa Hijria ulianza Novemba 1881 na kuisha Novemba 1882. Andika 1881/82.

Kila waraka uandikie kadi yenye vitu vitano: alama ya faili, aliyeandika, aliyeandikiwa, tarehe, na alipokuwa mwandishi wakati anaandika. Hicho cha tano ndicho husahaulika. Balozi aliyekaa Unguja akieleza Tabora anaeleza alichosikia.

Hatua ya 6: Vibali

Anza miezi sita kabla ya uchimbaji. Tanzania Bara unahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na leseni ya uchimbaji kutoka kwa mamlaka ya Mambo ya Kale chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Zanzibar ina mamlaka yake; kibali cha Bara hakichimbi Unguja wala Pemba. Kenya ni kibali cha NACOSTI, tume ya sayansi ya huko, na leseni chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006, ukiwa umeshikamana na Makumbusho ya Taifa. Uganda, anzia baraza la sayansi na teknolojia (UNCST) na idara ya makumbusho.

Baada ya barua za juu kuna ngazi za chini, na huku ndiko wageni huanguka: Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, na kwa Zanzibar, sheha. Kila ngazi hutaka kuona barua ya ngazi iliyotangulia. Beba nakala kumi za kila barua. Ukiruka ngazi moja, kazi itasimamishwa siku ambayo mashimo yako wazi na vibarua wamekwisha kuja.

Wanaochimba mambo ya karne ya 19 wana tatizo lao la pekee kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inatumia mwaka 1863 kama mpaka wa vitu na majengo yanayolindwa bila kutangazwa, na ya Kenya inatumia 1895. Boma la Wajerumani la miaka ya 1890 linaweza kuwa nje ya ulinzi huo lisipotangazwa rasmi. Hilo halikupi ruhusa ya kuchimba bila leseni. Linamaanisha tu kwamba mwenye kiwanja anaweza kulibomoa kabla hujarudi. Piga picha na upime ramani ziara ya kwanza.

Magofu mengi ya pwani yana mizimu na mtunzaji wake. Mwone mtunzaji kabla ya kupiga kamba ya kwanza, na kama anataka ubani na dua, ziweke kwenye bajeti kama unavyoweka mafuta ya gari. Na usimwulize mtu barazani kama babu yake alikuwa mtumwa. Kwenye pwani swali hilo hufunga mlango, wakati mwingine kwa kijiji kizima. Uliza nani alijenga, nani alilima wapi, jina la mtaa lilitoka wapi. Asili ya watu itakuja yenyewe kwa atakayetaka kuisema, na hata ikija, majina ya familia hayaendi kwenye tasnifu.

Hatua ya 7: Msimu wa uchimbaji

Juni hadi Septemba ndio wakati, kati ya masika na vuli. Angalia Ramadhani inaangukia wapi, kwa sababu saa za kazi hupungua, na uangalie mavuno, kwa sababu vibarua wazuri wana mashamba.

Ramani kwanza. Ramani za zamani za 1:50,000 za Tanzania hutumia mfumo wa Arc 1960, na GPS hutoka kiwandani ikiwa kwenye WGS 84. Usipobadilisha mpangilio, kila pointi itakuwa imehama kiasi cha mita 300. Njia ya misafara nayo hupita kanda tatu za UTM, gridi ya ramani inayopima kwa mita: Bagamoyo iko 37 Kusini, Tabora 36, Ujiji 35. Kwa njia yote tumia latitudo na longitudo. UTM ibaki ndani ya eneo moja.

Kisha mashimo ya majaribio: sentimita 50 kwa 50, kila mita 10 kwenye mstari, hadi kufikia udongo usio na kitu na sentimita 20 zaidi. Yatakuonyesha wapi pa kufungua mashimo makubwa ya mita 2 kwa 2. Kwa msimu wa uzamili, matatu au manne yanatosha. Anayefungua kumi huacha nusu yake bila kuchorwa. Chimba kwa kufuata tabaka za udongo, na tabaka likiwa nene, ligawe kwa sentimita 10. Kila shimo lina watu wanne: anayechimba, anayeandika, na wawili kwenye chekeche.

Chekeche ndiyo huamua utakachokijua. Tundu za milimita 5 hupitisha karibu shanga zote ndogo za karne ya 19, ambazo nyingi zina kipenyo cha milimita 2 hadi 4. Ukitumia za 5 peke yake utaandika kwamba watu hao hawakuwa na shanga, na utakuwa umezimwaga mwenyewe. Weka chekeche mbili moja juu ya nyingine, ya 5 juu na ya 2 chini, na kutoka kila tabaka chukua lita 10 hadi 20 za udongo kwa kuoshea majini ili upate mbegu, magamba ya samaki na shanga zilizobaki.

Vifaa vya lazima: mwiko wa inchi 4 au 5 ambao bapa na shina ni chuma kimoja, kwani wa fundi mwashi uliochomelewa huvunjika kwenye kiungo na ni mpana mno, timazi, kamba ya nailoni, pima maji ya kamba, futi za mita 5 na 30, karatasi za grafu zisizopitisha maji, ubao wa picha na mshale wa kaskazini. Picha za ukuta wa shimo zipige asubuhi mapema au chini ya turubai. Jua la saa sita huua tofauti za rangi za tabaka. Kila mfuko uwe na lebo mbili, ya nje kwa kalamu ya wino mzito na ya ndani kwa penseli kwenye kadi iliyofungwa ndani ya kimfuko chake. Wino hufifia juani, penseli haifutiki.

Ukikuta mifupa ya binadamu ambayo leseni yako haikuitaja, acha kuchimba hapo, funika, na toa taarifa kwa mamlaka ya Mambo ya Kale na viongozi wa kijiji siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Maabara, na tatizo la tarehe

Panga wiki mbili au tatu za maabara kwa kila wiki ya uchimbaji. Bajeti nyingi za wanafunzi hufa hapa, kwa sababu fedha zote ziliishia kwenye vibarua na magari.

Kaboni-14 haitakuokoa. Kuanzia takriban 1650 mstari wa ulinganishaji wa kaboni huyumba kiasi kwamba mkaa wa 1700 na wa 1880 unaweza kutoa majibu yasiyotofautishika. Tarehe za karne ya 18 na 19 hutoka kwenye vitu vyenyewe, kwa kanuni moja: tabaka haliwezi kuwa la kale kuliko kitu kipya kabisa kilichomo ndani yake. Kwa hiyo tafuta kitu kipya kabisa, si kile kizuri kabisa.

Sahani nyeupe za Ulaya huenea tangu miaka ya 1820. Za Petrus Regout wa Maastricht, zilizofika kwa wingi Unguja na Pemba, haziwezi kutangulia 1836, kiwanda kilipoanza kutengeneza vyombo vya udongo. Sahani yenye jina la nchi nyuma yake kwa kawaida ni ya baada ya sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 iliyodai jina hilo. Chupa ambayo mshono wake unapanda hadi juu ya mdomo imetoka kwenye mashine, yaani baada ya 1903. Sarafu za heller za Afrika Mashariki ya Kijerumani zinaanza 1904.

Mtego mkubwa ni riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria. Ina mwaka 1780, na iliendelea kupigwa ikiwa na mwaka huohuo baada ya malkia kufa, karne ya 19 nzima na hata baadaye. Kuipata riale hiyo kunakwambia kwamba tabaka si la kabla ya 1780, basi.

Ukisoma Marekani utafundishwa fomula ya mwanaakiolojia Binford ya kukadiria miaka kwa upana wa tundu la kiko cha udongo, ukipimwa kwa sehemu za 64 za inchi. Jifunze ufaulu mtihani. Ilitungwa kwa viko vya Kiingereza vya karne ya 17 na 18 vilivyojaa Virginia. Bagamoyo haina kazi nayo.

Vyombo usivihesabu kwa vigae. Sahani moja hutoa vipande thelathini na kikombe vipande vinne, kwa hiyo hesabu ya vigae hupima uvunjikaji. Hesabu midomo na vitako, upate idadi ndogo kabisa ya vyombo inayowezekana, kisha upime uzito wa vilivyobaki. Shanga ziandikie kipenyo, urefu, rangi kwa kitabu cha Munsell, na kama kioo kilivutwa au kilizungushwa kwenye waya. Ukitaka kujua kioo kilitengenezwa wapi, kuna kipimo cha kemikali kwa leza kinachoacha alama isiyoonekana kwa jicho. Field Museum ya Chicago imepima shanga nyingi za Afrika kwa njia hiyo. Sampuli zinazopelekwa nje ya nchi zina kibali chake cha kusafirisha, tofauti na leseni ya uchimbaji, na chenye tarehe ya kurudisha.

Chuma kutoka pwani huja na chumvi. Misumari ikiachwa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa hupasuka ndani ya miezi michache. Ikaushe, iweke na silika jeli kwenye sanduku lisilopitisha hewa, na ubadilishe silika kila inapogeuka rangi.

Mwisho wa mkusanyo upangwe kabla ya mwanzo wake. Pata barua kutoka makumbusho inayosema itapokea masanduku mangapi, ya ukubwa gani, na yaandikweje. Vipimo vya rafu zao ndivyo vya masanduku utakayonunua. Pamoja na masanduku peleka nakala ya daftari za shamba, michoro, na orodha ya vitu kwa karatasi na kwa faili la kompyuta. Ripoti fupi ya kurasa kumi, kwa Kiswahili, ipeleke kijijini na wilayani kabla ya kuomba kibali cha msimu wa pili. Afisa utamaduni wa wilaya ndiye ataulizwa kama uliwahi kuonekana tena baada ya kufukia mashimo.